Ukihama nyumba yako kwa shida, nafuu ya ushuru inabaki nyuma

Mhariri,

Naandika kuhusu wenye nyumba wa hapa Nairobi, na siongelei wenye maghorofa ya kukodisha, naongelea yule mfanyakazi aliyechukua mkopo wa benki akanunua fleti ya vyumba viwili ama vitatu akae na familia yake, na saa hii soko limelala, nyumba haiuziki kwa bei ya maana, instolmenti iko palepale na mshahara umepungua. Huyu mtu sheria ya ushuru inamjua, nafuu yake imeandikwa kabisa, lakini imepangwa vibaya hadi siku anayoihitaji zaidi ndiyo siku anaipoteza, na sisikii mtu akiliongelea hili. Kila mwaka mswada wa fedha ukija tunabishana juu ya bei ya mkate na mafuta, na ni haki yetu kubishana, lakini hata hili lina watu wanaumia nalo kimyakimya ndani ya nyumba zao.

Mimi kazi yangu ni hesabu za mishahara kwa hivyo PAYE, ule ushuru unaokatwa kwa mshahara, naishika kila mwezi. Wacha nianze na kile ambacho kipo manake wengi hawajui hata kama kipo.

Ukiwa na mkopo wa kununua ama kukarabati nyumba unayoishi mwenyewe, na tangu sheria ya fedha ya 2025 hata mkopo wa kujenga, ile riba unayolipa inatolewa kwa mshahara wako kabla ushuru haujahesabiwa. Kikomo ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Zamani kilikuwa 150,000 kwa mwaka, 2017 kikapandishwa hadi 300,000, alafu kikakaa hapo mpaka mwisho wa Desemba 2024 ndio kikafika 360,000. Nyumba ni moja tu, lazima uwe unaishi ndani, na aliyekukopesha awe ni wale wametajwa kwa sheria kama benki na kampuni za bima, kwa hivyo pesa za chama ama zile umekopa kwa rafiki hazihesabiwi hata kama zote ziliingia kwa ukuta. Sasa mtu ambaye mshahara wake umeingia kile kiwango cha asilimia 30, na hicho kinaanza ukipita tu 32,333 kwa mwezi, yaani ni karibu kila mtu mwenye mkopo wa nyumba, hiyo 30,000 inamwachia 9,000 mfukoni kila mwezi. Kwa mwaka ni 108,000. Hiyo ni karo ya shule, si pesa ya kudharau.

Lakini nimeona watu wakilipa mkopo miaka mingi bila kuchukua hata shilingi ya hiyo nafuu. HR hakuwauliza na wao hawakujua kuna kitu cha kuulizia, peislipu inakuja wanaangalia tu pale chini kilichobaki. Kuanzia Julai 2025 sheria inamwambia mwajiri aweke nafuu zote zinazomhusu mfanyakazi wakati anakata PAYE, asingoje mfanyakazi ajitafutie mwisho wa mwaka, na hilo ni jambo zuri nalipongeza. Shida ni kwamba mwajiri hawezi kujua una mkopo kama hujamletea karatasi. Nenda benki uitishe barua inayoonyesha riba peke yake, si instolmenti nzima, iwe na jina lako, namba ya akaunti na ile PIN ya ushuru ya benki yenyewe, peleka kazini kabla mishahara ya mwezi haijafungwa. Kama ni biashara unafanya, unaiweka kwa ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni, kuna sehemu yake kwa iTax, ule mtandao wa KRA, mamlaka ya ushuru. Na kama miaka imepita hujawahi kudai, ritani za nyuma zinaweza kurekebishwa hadi miaka mitano, alafu unaomba refandi. Inahitaji uvumilivu, najua, lakini pesa ni yako.

Sasa tuingie kwa hesabu yenyewe, manake hapo ndio unaona vile hicho kikomo kimeachwa nyuma. Tuseme mtu amekopa milioni 6 kwa riba ya asilimia 14, alipe miaka 20. Instolmenti yake ni kama 74,600 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, kwa hiyo 74,600, riba ni 70,000. Soma tena hapo. Ile inayopunguza deni lenyewe ni kama 4,600 peke yake. Na kwa hiyo riba ya 70,000, sheria inatambua 30,000 tu, hiyo ingine 40,000 analipa kwa pesa ambayo tayari imekatwa ushuru. Mlinganishe na mwenzake ambaye alibahatika kupata mkopo wa bei nafuu wa ule mpango wa KMRC, ile kampuni inayopea benki pesa za kukopesha wanunuzi wa nyumba, tuseme milioni 4 kwa asilimia 9.5, riba yake mwezi wa kwanza ni kama 31,700, kwa hivyo kikomo kinamfunika karibu yote. Simwonei wivu, na mipango kama hiyo iongezwe. Nasema tu kwamba nafuu ambayo kikomo chake hakisongi riba ikisonga inamsaidia yule riba haijamuumiza na inamwacha nusu njia yule riba imemkalia shingoni.

Na riba imesonga kweli. Ile sheria ya kuwekea benki kikomo cha riba ya 2016 iliondolewa Novemba 2019. Benki Kuu ikapandisha kiwango chake hadi asilimia 13 Februari 2024, na watu wenye mikopo ya riba inayobadilika walipata meseji za benki kwamba instolmenti imepanda, ama muda wa kulipa umeongezwa bila wao kuomba. Kuanzia Agosti 2024 kiwango hicho kimekuwa kikishushwa, Juni 2025 kikafika 9.75, lakini muulize mtu yeyote mwenye mkopo wa zamani kama instolmenti yake imeshuka kwa kasi ile ilipanda nayo. Wakati huohuo peislipu nayo inakonda kutoka upande wa pili, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 kuanzia Oktoba 2024, NSSF ya kustaafu nayo Februari 2025 ikafika 4,320 kwa mwenye kupata 72,000 kwenda juu. Haki isemwe, tangu mwisho wa Desemba 2024 hiyo ya nyumba na SHIF zinatolewa kabla ushuru kuhesabiwa, na hilo limesaidia kidogo. Lakini huyu mwenye mkopo ako na jambo lake hapo pia, anakatwa pesa za kujenga nyumba za bei nafuu za serikali na hawezi kutumia hata senti yake kupunguza deni la nyumba ambayo tayari anajinunulia. Sipingi nyumba zijengwe. Nauliza tu, aliyejitafutia nyumba mwenyewe bila kungoja serikali, yeye akikwama anashikwa mkono na nani?

Upande wa soko sihitaji kueleza sana, tembea tu Kilimani na Kileleshwa uone mabango ya fleti zinazotafuta wanunuzi, jengo juu ya jengo, alafu nenda Imara Daima ama Kasarani uulize ajenti yeyote fleti iliyotumika inachukua muda gani kuuzika. Anayenunua ana fleti mpya za kuchagua, zingine developa anampea alipe polepole. Mwenye fleti ya miaka minane hana cha kushindana nacho isipokuwa kushusha bei, na akiishusha sana haifiki deni la benki.

Sasa nifike kwa kile kimenifanya niandike. Mtu akiwa kwa hali hiyo, nyumba haiuziki na instolmenti haingoji, anafanya nini? Anafanya kile mtu yeyote wa akili angefanya. Anahama na familia yake, anatafuta nyumba ya bei ya chini, tuseme Kahawa West ya 20,000, na ile fleti yake anaikodisha kwa 45,000. Hapo amepata 25,000 za kuongezea kwa instolmenti, na nyumba haijaenda mnadani. Kuna majirani wamefanya hivi bibi alipoachishwa kazi wakabaki na mshahara mmoja, walihamisha watoto shule na kila kitu, si rahisi kutoka kwa nyumba yako ukaenda kupanga tena. Huyu mtu hajatajirika, hajaingia biashara ya kukodisha nyumba, ameokoa tu nyumba yake.

Lakini siku ile lori limebeba vitu vyake, kisheria amekuwa mtu mwingine. Ile nafuu ya riba imeisha manake haishi ndani tena, kwa hivyo 9,000 kila mwezi imeenda. Papo hapo amekuwa landilodi, na kodi anayolipwa na mpangaji ikipita 288,000 kwa mwaka, yake ni 540,000, anatakiwa kulipa ule ushuru wa kodi za nyumba wa asilimia 7.5. Na hiyo 7.5 inakatwa kwa kodi yote kabla ya kutoa chochote, hautoi riba, hautoi savis chaji, hautoi hata fundi aliyerekebisha paipu. Kwa 45,000 ni 3,375 kila mwezi, na inafaa ilipwe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jumlisha hizo mbili, 12,375 kwa mwezi. Yaani kwa ile 25,000 aliyohamisha familia yake ili aipate, karibu nusu imeenda kwa ushuru. Kwa mwaka mzima ni 148,500, kwa mtu ambaye kodi anayopokea haifikii hata riba anayolipa benki. Ni kama bima inayokatwa siku ya ajali.

Kuna mlango mdogo hapo na nataka watu waujue. Huo ushuru wa 7.5 si lazima, sheria inakuruhusu umwandikie Kamishna wa KRA kwamba hutaki kuwa chini yake, unataka kutozwa kwa faida inayobaki. Ukifanya hivyo, riba ya mkopo inahesabika kama gharama ya kupata hiyo kodi, na kwa huyu wetu anayepokea 540,000 kwa mwaka na kulipa riba ya kama 840,000 mwaka wa kwanza, hakuna faida, kwa hivyo hakuna ushuru wa kodi, na hiyo hasara anaweza kuibeba mbele dhidi ya kodi ya miaka inayokuja. Lakini hawezi kuitumia kupunguza PAYE ya mshahara wake, hizo ni hesabu mbili tofauti. Na anahitaji kuweka rekodi vizuri, kila gharama ya fundi na rangi iwe na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, na mafundi wetu mnawajua, ukimuuliza eTIMS anakuangalia tu. Ni wangapi wanajua huu mlango upo? Nimeongea na landilodi wadogo wengi sana, wengi wanalipa hiyo 7.5 kwa nyumba inayowala hasara kila mwezi, ama hawalipi kabisa na wanaishi kwa uwoga wa kupata barua, na hakuna kati ya hizo mbili inafaa kuwa hali ya mtu anayejaribu kulinda nyumba yake.

Bado kuna la tatu na hili ndio watu hawalioni mpaka wafike kwa wakili. Ukiuza nyumba kuna ushuru wa faida ya mauzo ya mali. Ulirudishwa Januari 2015 ukiwa asilimia 5, na kuanzia Januari 2023 ni asilimia 15. Nyumba yako ya kuishi imesamehewa huo ushuru, lakini kwa sharti moja, uwe umeishi ndani mfululizo miaka mitatu ile ya mwisho kabla ya kuuza. Miaka mitatu ya mwisho. Kwa hivyo mtu aliishi kwa nyumba miaka minane, akahama kwa shida, akakodisha mwaka mmoja na nusu akingoja soko liamke, alafu akapata mnunuzi, huyo msamaha amekosa. Tuseme baada ya kutoa gharama zote faida iliyobaki kwa karatasi ni milioni 1, anaenda kulipa 150,000 ambayo angekuwa halipi kama angekwama ndani ya nyumba. Na hiyo faida nasema ya karatasi kwa sababu sheria yetu haiangalii shilingi imepoteza thamani kiasi gani tangu anunue, bei ya 2015 na bei ya leo zinatolewa moja kwa nyingine kana kwamba unga bado ni bei ileile.

Angalia sasa vile hizi tatu zinakutana kwa mtu mmoja. Nafuu ya riba imeenda, ushuru wa kodi umeingia, msamaha wa mauzo umevunjika, zote kwa sababu ya kitendo kimoja cha kuhama. Kila sheria ukiisoma peke yake ina sababu yake, sikatai, hutaki mtu wa nyumba kumi ajifanye anaishi kwa zote. Lakini hakuna aliyekaa akaziangalia pamoja kwa macho ya mtu aliyeishiwa.

Na si kwamba haiwezekani kufanya tofauti. Chukua huo ushuru wa mauzo. Uingereza, mtu akishahama nyumba yake, miezi 9 ya mwisho kabla ya kuuza inahesabiwa kana kwamba bado alikuwa anaishi ndani, na kabla ya Aprili 2014 hiyo ilikuwa miezi 36. Marekani hawaulizi kama ulikuwa ndani siku ya mwisho, wanauliza kama uliishi humo miaka miwili kwa jumla kati ya mitano iliyotangulia mauzo, ukifikisha hapo faida hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, ama 500,000 kwa mke na mume, haitozwi. Na soko lao la nyumba lilipoanguka, Desemba 2007 walipitisha sheria kwamba deni la nyumba ya kuishi ambalo benki imesamehe lisihesabiwe kama mapato ya kutozwa ushuru, 2009 wakapea wanunuzi wa mara ya kwanza nafuu ya hadi dola 8,000. Sisemi tuna pesa za Marekani. Nasema walielewa kwamba soko likiwa baya sheria ya soko zuri inaumiza watu, na wakaibadilisha kwa muda. Sisi wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama 30,000 tu, hiyo ni idadi ndogo sana kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50, kwa hivyo hata nafuu ikiongezwa hazina haitatoboka.

Kuna wale wataniambia si auze tu amalize. Sawa, tuangalie kuuza. Mnunuzi wa nyumba ya mjini analipa ushuru wa stempu asilimia 4, na hiyo 4 haihesabiwi kwa bei mmekubaliana kama mthamini wa serikali ameona nyumba ina thamani zaidi. Kwa soko lililolala hii inauma sana, manake wewe umeshusha bei hadi milioni 7 kwa sababu umebanwa, mthamini anakuja anasema ni milioni 8.5, mnunuzi anaambiwa alipe 340,000 badala ya 280,000, na ile tofauti ya 60,000 atakuja kuitoa kwako, ama atarudi nyuma kabisa aende kwa zile nyumba za mpango wa serikali ambako mnunuzi wa mara ya kwanza amesamehewa ushuru wa stempu. Kwa nini huyo mnunuzi wa kwanza asisamehewe pia akinunua fleti iliyotumika ya bei ya chini kutoka kwa mwananchi mwenzake? Nyumba ni nyumba, na ingesaidia watu wawili kwa mpigo.

Na akishindwa kuuza, mnada. Hapa nataka watu wajue haki zao manake madalali wanatumia uwoga. Benki haiwezi kukuamkia tu asubuhi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka kwanza notisi ya miezi mitatu ya kukuambia umekosa kulipa na unaweza kurekebisha vipi, alafu notisi ingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, alafu dalali naye ana notisi yake ya siku 45. Kabla ya kuuza lazima mthamini afanye tathmini, na kifungu cha 97 kinasema benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri iwezekanavyo, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 ama zaidi, benki inachukuliwa kuwa imevunja huo wajibu hadi ithibitishe vingine, na wewe unaweza kwenda kortini. Hiyo ni kinga nzuri. Ila soko likiwa limelala, hata bei ya soko yenyewe imeshuka, na asilimia 75 ya kitu kilichoshuka inaweza kukuacha bila nyumba na bado una deni. Ndio maana nasisitiza msaada uje mapema, wakati mtu bado analipa kwa shida, si wakati tangazo limeshatoka kwa gazeti.

Kwa hivyo naomba yafuatayo, na naiomba Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa moja kwa moja. Mtu aliyeishi kwa nyumba yake na akahama kwa sababu ya kuachishwa kazi, ugonjwa ama mshahara kupunguzwa, aendelee kupata nafuu ya riba kwa miezi 24 hata kama ameikodisha, mradi hana nyumba nyingine na kodi anayopokea haizidi riba anayolipa. Kwa huo muda ahesabiwe kana kwamba bado anaishi ndani, ili ule msamaha wa mauzo usivunjike. Hizo mbili zingetosha kubadilisha maisha ya watu wengi na zinaweza kuandikwa kwa vifungu viwili vifupi. Anaweza kuthibitisha kwa barua ya kuachishwa kazi ama ya hospitali, pamoja na taarifa ya mkopo kutoka benki, hizi ni karatasi ambazo tayari zipo, KRA haihitaji mtambo mpya.

Kikomo cha riba nacho kifungwe kwa kitu kinachosonga. Kutoka 2017 hadi mwisho wa 2024 kimeongezwa asilimia 20 peke yake, kwa sababu kila mara lazima mtu akumbuke kukibadilisha bungeni. Kikiangaliwa kila mwaka kulingana na riba ya kawaida ya mikopo ya nyumba hakuna haja ya kungoja miaka minane tena. Na kwa landilodi mdogo mwenye nyumba moja iliyo kwa mkopo, iTax yenyewe imuulize wakati anasajili kodi, una mkopo kwa hii nyumba? Akisema ndio, aonyeshwe hesabu zote mbili, ya asilimia 7.5 na ya faida inayobaki, achague akijua. Saa hii anayejua ni yule anaweza kulipa mhasibu.

Kaunti nayo, kwa ufupi tu. Ada za ardhi za Nairobi siku hizi zinahesabiwa asilimia 0.115 ya thamani ya kiwanja, si kubwa sana kwa fleti, lakini kaunti imezoea kusamehe riba na faini mara kwa mara kwa wale wamelimbikiza. Mwenye shida angesaidika zaidi akiruhusiwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi kuanzia Januari bila kutozwa faini, kuliko kungoja msamaha utangazwe.

Mswada wa fedha unafaa kufika Bunge kabla ya mwisho wa Aprili, alafu wananchi wanaitwa kutoa maoni, na miaka yote naona maoni ya benki, ya mashirika ya wahasibu na ya wenye viwanda, ya mwenye fleti moja Embakasi siyaoni. Maoni yanatumwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kwa barua ama baruapepe, hayahitaji wakili wala Kizungu kigumu, hata kwa Kiswahili wanapokea. Kama umehama nyumba yako kwa shida na unailipia bado, waandikie riba unayolipa kwa mwezi, kodi unayopokea, na mwezi ambao nafuu yako ilitolewa kwa peislipu.

Mkazi wa South B,
Nairobi